Kufanya kazi kwa mbali na ofisi za pamoja mjini Valencia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ninafanya kazi ya kuhariri na kutafsiri kwa mbali nikiwa Valencia, mji wa pwani ya mashariki ya Hispania, na karibu kila wiki ndugu na marafiki wa Afrika Mashariki, pamoja na wengine waliokwisha kuhamia Ghuba au Ulaya, huniuliza maswali yale yale. Nimeyajibu kwa kirefu pale ambapo mtu anaweza kupoteza fedha au kibali chake, na kwa kifupi pale ambapo jambo lenyewe ni jepesi.

Kwa nini Valencia, wala si Madrid au Barcelona?

Valencia ni mji wa tatu kwa ukubwa nchini Hispania na una wakazi wapatao 800,000. Una ofisi za pamoja katika mitaa mingi, vyuo vikuu viwili vya umma, uwanja wa ndege uliounganishwa na metro, na treni ya mwendo kasi inayofika Madrid kwa saa mbili hivi. Hata hivyo si mji wa kumchosha mtu: ardhi yake ni tambarare, na anayeendesha baiskeli kwa utulivu huuvuka kwa nusu saa au zaidi kidogo.

Kinachonifunga mimi hasa ni bustani ya Turia. Tarehe 14 Oktoba 1957 mto Turia ulifurika na kuua watu wengi, ndipo serikali ikaamua kuuhamisha mto wenyewe kwa kuuchimbia mkondo mpya kusini mwa mji. Mkondo wa zamani ulikusudiwa kugeuzwa barabara kuu, lakini wakazi walipinga kwa miaka kadhaa hadi ukawa bustani, ambayo leo inapita katikati ya mji kwa kilomita tisa hivi. Ninapotoka kazini jioni hurudi nyumbani kwa njia hiyo, nikipita chini ya madaraja ya mawe ambayo hayana tena maji ya kuvusha watu, na mara nyingi sentensi iliyonishinda dawatini hunijia huko.

Je, ni kweli kwamba maisha ni nafuu?

Inategemea unalipwa kwa fedha gani. Kwa anayelipwa na kampuni ya London, Zürich au Boston, Valencia ni nafuu bila shaka. Kwa anayelipwa kwa shilingi mji huu ni ghali, na ni vizuri alijue hilo kabla hajauza kiwanja ili apate nauli.

Chumba katika nyumba ya kushirikiana kwa kawaida hugharimu kati ya euro 350 na 500 kwa mwezi, na nyumba nzima yenye chumba kimoja cha kulala katika mitaa inayopendwa mara nyingi huvuka euro 1,000. Chakula ndicho kinachopunguza mzigo. Migahawa mingi siku za kazi huuza mlo wa mchana wa bei moja, wenye sahani mbili, mkate, kinywaji na tunda au kitamutamu, kwa euro 12 hadi 16, na ukila huo hutahitaji mlo mkubwa wa usiku. Sokoni, iwe katika Mercado Central, jengo la mwaka 1928 lenye kuba na vigae vya rangi, au katika soko dogo la mtaa wako, mboga na machungwa ya msimu hupatikana kwa bei ya kuridhisha, kwa kuwa mashamba yenyewe yanaanzia pale nyumba za mji zinapoishia.

Sitaficha upande wa pili. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara nchini Hispania kilikuwa euro 1,184, kikilipwa mara 14 kwa mwaka, na anayeishi kwa kima hicho anagombea nyumba ile ile na mgeni anayelipwa mara tatu yake. Oktoba 2024 maelfu ya wakazi wa Valencia waliingia barabarani kulalamikia kodi za nyumba, na walikuwa na haki. Ndiyo maana ninamsihi kila anayekuja kukaa mwaka mzima au zaidi atafute mkataba wa makazi ya kudumu badala ya kuhama kutoka nyumba moja ya watalii hadi nyingine. Ni bora kwa jirani yake, na ni bora kwake mwenyewe, kwa sababu sheria inamlinda zaidi.

Sheria inamlindaje mpangaji?

Kwa makazi ya kudumu, amana ya kisheria ni ya mwezi mmoja, na mwenye nyumba anaweza kudai dhamana ya ziada isiyozidi miezi miwili. Tangu sheria ya nyumba ya Mei 2023, ada ya dalali hulipwa na mwenye nyumba, si mpangaji. Mimi sikulijua hilo nilipofika, nikamlipa dalali mmoja ada ya mwezi mzima kwa nyumba niliyoiona kwenye picha tu, na fedha ile sikurudishiwa kamwe. Jihadhari pia na mkataba unaoitwa wa msimu, kwa kuwa wengine huutumia kukwepa kinga hizo hata pale wanapojua kwamba mpangaji anakuja kuishi moja kwa moja. Usitume fedha kabla wewe mwenyewe, au mtu unayemwamini, hajaingia ndani ya nyumba, akafungua bomba na kuona maji yanatoka.

Ofisi ya pamoja ni nini hasa, na inagharimu kiasi gani?

Ni jengo au ghorofa ambamo watu wa kampuni mbalimbali, na wengi wasio na kampuni kabisa, hulipia dawati, intaneti, umeme, kahawa na matumizi ya chumba cha mikutano. Mlangoni utaona limeandikwa neno coworking, kwani Wahispania wamelichukua jinsi lilivyo. Kwa kawaida dawati la kuhamahama, ambalo kila asubuhi unakaa palipo wazi, ni kati ya euro 100 na 180 kwa mwezi. Dawati lako mwenyewe, ambalo unaweza kuachia skrini na daftari zako, huanzia hapo na kupanda. Na siku moja peke yake ni euro 15 hadi 25. Uliza daima kama bei uliyotajiwa imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani, inayoitwa IVA, kwa sababu mara nyingi haijumuishwi. Kiwango chake ni asilimia 21, hivyo dawati la euro 150 litakugharimu euro 181.50.

Kabla ya kulipia mwezi, omba siku ya majaribio na uitumie kama siku yako ya kazi ya kawaida. Usiende asubuhi peke yake, wakati watu ni wachache na kila mahali pana utulivu. Kaa hadi alasiri uone jua la magharibi linapoingilia, kwa sababu nimeona dawati zuri kabisa ambalo kuanzia saa kumi skrini yake haisomeki. Ingia kwenye kibanda cha simu, funga mlango, zungumza kwa sauti yako ya kawaida, kisha mwulize aliyeko nje kama amekusikia. Kikalie kiti kwa saa mbili mfululizo. Hesabu vibanda vya simu na uvilinganishe na idadi ya madawati. Palipo na madawati 40 na vibanda viwili, mkutano wako wa saa nne asubuhi utaufanyia kwenye ngazi.

Ofisi ninayofanyia kazi iko katika mtaa wa Ruzafa, katika jengo lililokuwa karakana. Dari ni ya juu, nguzo za chuma zimeachwa wazi, na nyuma kuna ua mdogo wenye mchungwa mmoja ambao kila majira ya kuchipua huijaza harufu ya maua yake ofisi nzima. Dada anayeisimamia anamjua kila mtu kwa jina na hupokea barua zetu za rejista. Mwanzoni sikuiona thamani ya huduma hiyo. Baadaye ilifika barua ya ofisi ya kodi iliyonipa siku 10 za kujibu, ikafika wiki ambayo sikuwa nyumbani mchana hata siku moja; kama ingekuja nyumbani ingerudishwa, na muda ungepita bila mimi kujua.

Kwani siwezi kufanya kazi nyumbani au mgahawani?

Unaweza, na wengi huanza hivyo ili wabane matumizi. Mimi nilikaa miezi mitatu ya kwanza kwenye meza ya jikoni, na ninawashauri wengine wasinifuate. Nyumba nyingi za hapa zina sakafu ya vigae na hazina mfumo wa kupasha joto, hivyo kwamba mwezi Januari, ingawa nje jua linawaka, ndani vidole vinakufa ganzi juu ya kibodi. Ukiishi na wenzako, kila mmoja ana saa zake za kupika na kuzungumza. Zaidi ya hayo ni upweke. Mtu aliyezoea kusalimiwa na majirani kumi kabla ya kufika kituo cha daladala, anayepitisha siku nzima bila kusema neno kwa mdomo wake, huchoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi.

Kwa hiyo, kama bajeti inabana, ninapendekeza uchukue chumba kidogo au mtaa wa mbali kidogo, na fedha utakayookoa uilipie dawati. Nimewaona watu wakifanya kinyume chake, wakipanga nyumba nzuri yenye roshani na kujifungia humo, na baada ya nusu mwaka wakarudi walikotoka wakisema mji haukuwapokea, ilhali mji hawakuwahi kuuona siku za kazi.

Kuhusu migahawa, kahawa moja haikupi haki ya kukalia meza asubuhi nzima, hasa saa ya mlo wa mchana. Migahawa mingine huweka ilani inayokataza kompyuta, nayo yafaa iheshimiwe.

Je, kuna mahali pa bure?

Zipo maktaba za umma. Maktaba ya Pilar Faus katika mtaa wa Hospital, iliyomo ndani ya hospitali ya kale, ni mahali pazuri mno pa kusoma na kuandika, lakini huwezi kupiga simu humo, na majira ya mitihani wanafunzi hujaza viti mapema.

Intaneti na umeme vikoje?

Nyaya za faibaa zimeenea Hispania kuliko katika nchi nyingi za Ulaya, na nyumba ya kawaida mjini Valencia hupata kasi ya megabiti 300 au zaidi kwa sekunde. Umeme ni wa uhakika, ingawa tarehe 28 Aprili 2025, muda mfupi baada ya saa sita mchana, ulikatika katika Hispania bara yote na Ureno, na baadaye simu nazo zikazimika. Kwa aliyekulia katika mgao wa umeme halikuwa jambo geni, lakini siku hiyo nilijutia kutokuwa na fedha taslimu mfukoni. Tangu hapo huweka euro 50 nyumbani na kuhakikisha betri ya akiba imejaa.

Saa za hapa zinalinganaje na za nyumbani?

Wakati wa baridi Valencia iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa mbili, na wakati wa joto kwa saa moja. Mabadiliko hufanyika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kwa mtu anayeshirikiana na ofisi ya Afrika Mashariki hakuna mji wa Marekani utakaompa wepesi huu: nikianza kazi saa tatu asubuhi, wenzangu wa Dar es Salaam wako saa tano au saa nne, na tuna mchana mzima pamoja. Anayefanyia kazi kampuni ya New York atakuwa mbele yao kwa saa sita, na mikutano yake itaangukia jioni, jambo ambalo halisumbui sana katika mji ambao watu hula chakula cha usiku saa tatu. Ninawakumbusha tu wanaoratibu mikutano kwa Kiswahili waandike saa kwa tarakimu za kalenda pia. Mteja mmoja wa Mombasa na mimi tulipoteana siku nzima kwa sababu tulikubaliana "saa nane" mbele ya Mhispania aliyesikia tarakimu nane akaitia kwenye kalenda yake kama asubuhi.

Ninahitaji kibali gani?

Kwa raia wa nje ya Umoja wa Ulaya kipo kibali cha kufanya kazi kwa mbali, kilichoanzishwa na Sheria namba 28 ya mwaka 2022, inayojulikana kama sheria ya kampuni changa. Kinamhusu mtu anayefanya kazi kwa kutumia kompyuta na mawasiliano kwa ajili ya kampuni zilizo nje ya Hispania. Aliyeajiriwa hufanyia kazi kampuni za nje pekee. Anayejitegemea anaruhusiwa kuwa na wateja wa Hispania, ilimradi kazi yao isizidi asilimia 20 ya kazi yake yote. Kampuni unayoifanyia kazi iwe imeendesha shughuli zake kwa angalau mwaka mmoja, na uhusiano wako nayo uwe umefikisha miezi mitatu kabla ya ombi. Wewe mwenyewe uwe na shahada au cheti cha taaluma kinachotambulika, au uzoefu wa miaka mitatu katika kazi hiyo. Bima ya afya nayo ni lazima.

Kipato kinachotakiwa ni asilimia 200 ya kima cha chini cha mshahara wa Hispania. Kwa kima cha 2025, yaani euro 1,184 mara 14 kikigawanywa kwa miezi 12, unapata takriban euro 2,763 kwa mwezi. Mtu wa kwanza wa familia unayekuja naye huongeza asilimia 75 ya kima hicho, takriban euro 1,036, na kila anayefuata huongeza asilimia 25, takriban euro 345. Kima cha chini hupandishwa karibu kila mwaka, kwa hiyo piga hesabu kwa kiwango cha mwaka unaoomba.

Njia ni mbili. Ukiomba ubalozini, kwa mfano Nairobi au Dar es Salaam, unapewa visa isiyozidi mwaka mmoja, na baada yake unaomba kibali cha ukaazi. Aliye ndani ya Hispania kihalali anaweza kuomba moja kwa moja kibali cha hadi miaka mitatu.

Wengi hukwama kwenye nyaraka, wala si kwenye kipato. Cheti cha polisi kinatakiwa kutoka kila nchi uliyoishi katika miaka miwili iliyopita, hivyo Mtanzania aliyefanya kazi Doha mwaka jana atahitaji cheti cha huko pia, na ni rahisi zaidi kukipata kabla hajaondoka. Kila hati ya umma ni lazima ihalalishwe. Burundi na Rwanda zimo katika mkataba wa The Hague, na raia wao hutumia muhuri mmoja wa apostille. Kwa nchi zisizomo katika mkataba huo hati hupitia wizara ya mambo ya nje na kisha ubalozi wa Hispania, na kila mlango una foleni yake. Baada ya hapo hati hutafsiriwa kwa Kihispania na mfasiri aliyeapishwa. Mfasiri wa namna hiyo wa kutoka Kiswahili ni nadra sana, kwa hiyo pale ofisi inapoweza kukupa cheti kwa Kiingereza, omba hicho.

Je, ninaweza kuja kwa visa ya utalii na kufanya kazi kimya kimya?

Usifanye hivyo. Visa ya Schengen hukupa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, na haikupi ruhusa ya kuishi wala kufanya kazi. Mgeni mwenye pasipoti yetu hukaguliwa zaidi mpakani kuliko mwenye pasipoti ya Kanada, na kosa moja kwenye rekodi humfuata katika maombi yote ya baadaye. Nimemwona kijana mwenye kipaji na mshahara wa kutosha, ambaye angepata kibali bila shida, akikikosa kwa sababu ya haraka.

Nitalipa kodi wapi?

Ukikaa Hispania zaidi ya siku 183 katika mwaka wa kalenda, unahesabiwa kuwa mkaazi kwa ajili ya kodi, na kipato chako cha dunia nzima huingia kwenye hesabu. Mwajiriwa wa kampuni ya nje anaweza kuomba utaratibu maalumu wa asilimia 24 kwa mapato ya kazi hadi euro 600,000 kwa mwaka, unaodumu mwaka wa kuwasili na mitano inayofuata. Ombi lake lina muda wa miezi sita tu tangu kuandikishwa kwenye hifadhi ya jamii, na muda huo ukipita haurudi. Anayejitegemea kwa kawaida hufuata utaratibu wa jumla, ambao kiwango chake hupanda kadiri kipato kinavyopanda.

Hifadhi ya jamii huwashangaza wengi. Mwajiriwa kutoka nchi yenye mkataba na Hispania huleta cheti kwamba bado anachangia kwao. Nchi nyingi za Afrika Mashariki hazina mkataba huo, kwa hiyo wengi wetu huishia kujiandikisha kama wafanyakazi wa kujitegemea, wanaoitwa autónomo, na kuchangia hapa kila mwezi. Kwa miezi 12 ya kwanza mgeni katika mfumo hulipa mchango uliopunguzwa wa euro 80 na kitu hivi. Punguzo hilo linaitwa tarifa plana, na neno tarifa latokana na shina lile lile la Kiarabu lililotupa sisi neno taarifa. Mtafute gestor, yaani mtu ambaye kazi yake ni kujaza fomu hizi, na umlipe tangu mwezi wa kwanza. Mimi nisingetaka kuishi hapa bila wangu.

Nikae mtaa gani?

Ruzafa ina ofisi nyingi za pamoja na pilikapilika hadi usiku wa manane, na kodi za nyumba zake zimepanda. Benimaclet, kilichokuwa kijiji kabla hakijamezwa na mji, kiko karibu na vyuo vikuu na kina wanafunzi wengi wanaotafuta wa kushirikiana nao nyumba. Cabanyal iko kando ya bahari, ina nyumba fupi za wavuvi zilizopambwa kwa vigae, na unyevu wake ni mkali kwa mbao na kwa vifaa vya elektroniki. Patraix na Campanar ni mitaa ya familia, tulivu, na mimi ningeanzia huko kama ningekuja na watoto.

Lazima nijue Kihispania?

Ndani ya ofisi ya pamoja unaweza kuishi kwa Kiingereza, lakini katika ofisi ya manispaa, benki na zahanati huwezi. Valencia ina lugha rasmi mbili, Kihispania na Kivalensia, na mabango mengi ya umma huandikwa kwa Kivalensia, ingawa karibu kila mtu atakujibu kwa Kihispania. Mswahili ana bahati ya kipekee, kwa kuwa Waarabu walitawala hapa kwa karne tano na kuacha maneno ambayo sisi tuliyapokea kutoka upande mwingine wa bahari: azúcar ni sukari, limón ni limau, na alcalde, yaani meya, ni kadhi. Hata lile Beni la Benimaclet lina shina moja na bin iliyomo ndani ya neno letu binadamu.

Chakula cha halali kinapatikana?

Kinapatikana. Ruzafa na mitaa mingine ina wachinjaji na maduka ya watu wa Maghrebu, na kuna misikiti. Nyama ya nguruwe imeenea katika vyakula vya kawaida, kwa hiyo jifunze kuuliza.

Usikose mlo wa katikati ya asubuhi, ambao Wavalensia huuita esmorzaret, kwa sababu ni hapo ndipo mgeni hugeuka mwenyeji. Saa nne na nusu hivi ofisi yetu hushuka mtaani. Zinaletwa kwanza sahani za karanga zenye maganda na zeituni, kisha mkate mrefu uliojazwa ulichochagua. Mimi huchukua wa kimanda cha viazi au wa samaki jodari. Watu hubanja karanga, maganda yanarundikana mezani, na ni katika mazungumzo hayo nilipopata gestor, nikafundishwa namna ya kuweka miadi ya kitambulisho cha mgeni, na nikampata mteja wangu wa kwanza wa hapa. Wakati wa joto kuna horchata, kinywaji baridi cheupe kinachotengenezwa kwa viazi vidogo vya mmea ulio ndugu wa ndago, ile ile tunayoipalilia mashambani kwa hasira. Hulimwa hasa upande wa Alboraya, kaskazini mwa mji.

Kuna miezi ambayo kazi huwa ngumu?

Ipo miwili. Mwezi Machi ni wa sherehe za Fallas. Kuanzia tarehe 1 hadi 19, kila siku saa nane mchana, baruti hulipuliwa mbele ya ukumbi wa manispaa kwa dakika kadhaa, na mlipuko wake huusikii kwa masikio tu, unausikia kifuani. Kuanzia tarehe 15 barabara hufungwa, sanamu kubwa hujaa mitaani, na usiku wa tarehe 19 huteketezwa. Usipange mkutano wowote wa saa nane, wala usiahidi kazi nzito kwa wiki ile ya mwisho. Agosti nao mji hunyamaza: gestor yuko likizo, maduka yamefungwa, na ofisi nyingine za pamoja hupunguza saa. Joto na unyevu vya mwezi huo vinafanana na vya Tanga Januari.

Mafuriko ya 2024 yaliugusa mji?

Tarehe 29 Oktoba 2024 mvua kubwa ilisababisha mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 220, wengi wao katika miji midogo ya kusini kama Paiporta na Catarroja. Katikati ya Valencia palinusurika, kwa kuwa mkondo ule uliochimbwa baada ya 1957 ulipitisha maji, lakini vitongoji vilivyo ng'ambo yake viliangamia. Onyo la simu lilitumwa usiku, saa mbili na dakika 11, wakati wengi walikuwa wamekwisha kuzingirwa. Kesho yake na siku zilizofuata tulivuka daraja kwa miguu na majembe na mifagio, na tope lilitufika magotini ndani ya sebule za watu. Idara ya hali ya hewa inapotangaza tahadhari nyekundu, baki ghorofani, usishuke gereji kuokoa gari, na mwambie mwajiri wako kwamba leo huendi ofisini.

Je, mtu mweusi hupata shida ya kupanga nyumba?

Wakati mwingine, ndiyo. Nimewahi kuambiwa kwa simu kwamba nyumba ipo, na nilipofika mlangoni ikawa imekwisha kuchukuliwa, nayo ikaendelea kutangazwa kwa wiki mbili. Barua ya mwajiri, mkataba wa kazi na taarifa za benki za miezi sita hufungua milango mingi, na mwenzako wa ofisini akikubali kukupigia simu ya kwanza, mwache akupigie. Watu wa mji huu kwa jumla ni wakarimu, nami nimepata hapa marafiki wa kweli.

Nilete nini kutoka nyumbani?

Leta vyeti vyote katika nakala halisi, sweta la kuvaa ndani ya nyumba, na adapta mbili za umeme, kwa sababu plagi yetu ya meno matatu bapa haiingii kwenye soketi ya hapa yenye matundu mawili ya duara. Kahawa ya Kilimanjaro au ya Mlima Elgon waletee wenzako wa ofisini, nusu kilo inatosha, na uipike wewe mwenyewe siku ya kwanza.